Kaske ya bei kali, sauti kali: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nachanganya sauti hapa Lubumbashi, zaidi kwaya na harusi, na kwenye meza yangu ya Kamalondo natengeneza pia kaske, yaani hedifoni kubwa za kufunika sikio. Tangu watu waanze kuagiza zile za bei ya juu kutoka Johannesburg na Dubai, lalamiko ni lile lile: "inachoma", yaani sauti za juu zinaumiza sikio. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika nne nne, kwa hiyo majibu nimeyaandika hapa.

Nimetoa dola mia nane. Mbona inanichoma kuliko ile ya dola kumi?

Ile ya dola kumi mara nyingi ina besi nzito inayofunika kila kitu, mazuri na mabaya. Kaske ya bei ya juu haifuniki, hasa zile zilizo wazi mgongoni: besi yake ni ya kiasi, kwa hiyo kinachozidi juu kinaonekana uchi. Pesa yako imenunua usafi wa sauti. Haikununua ulingano na sikio lako, maana aliyeitengeneza hajawahi kulipima sikio lako.

Mfano unaojulikana ni Sennheiser HD 800 ya mwaka wa 2009. Ni kaske safi ajabu, inakuonyesha kila mpiga ala amesimama wapi, lakini karibu na kilohezi 6 (mitikisiko elfu sita kwa sekunde) ina mwinuko uliowakera wengi. Toleo lililofuata, HD 800 S, waliliwekea kifaa cha ndani cha kunyonya sauti ya pale pale. Beyerdynamic nao, kwenye DT 990 na ndugu zake, wana mwinuko wao kuzunguka kilohezi 8.

Na mimi naamini wengine huacha mwinuko kwa makusudi. Mteja anajaribu dukani dakika tano, kuna kelele, na kaske inayong'aa inaonekana inasema mengi kuliko jirani yake. Uchungu unaanza nyumbani, saa ya pili.

"Sauti za juu" ni wapi hasa?

Watu wanasema "treble" kama vile ni kitu kimoja. Sivyo. Kati ya kilohezi 2 na 4 ndipo ukali wa gitaa la solo, tarumbeta na mama anayeimba kwa nguvu ulipo. Hapo ndipo sikio la binadamu ni jepesi zaidi kusikia. Kutoka 5 hadi 9 ni s, sh na ch za mwimbaji, na mgongano wa fimbo juu ya toazi. Kupita 10 ni hewa tu, mng'ao wa mwisho. Wengi wetu tuliopita miaka hamsini hatuvisikii tena vya kule juu kabisa, na hatujafa.

Kaske inayochoma ni nadra ikosee kote huko. Ukitoka mjini kwenda Kipushi utaona vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Grafu ya kaske yako, ile inayoonyesha ukubwa wa kila sauti toka chini hadi juu, iko hivyo: ardhi tambarare, halafu kichuguu kimoja, pengine viwili. Huhitaji kulima shamba zima. Unahitaji kukiondoa kichuguu. (Na kile cha Kipushi kinafyatuliwa matofali mazuri sana, lakini hayo ni mengine.)

Nitajuaje kama kosa ni la kaske au la wimbo?

Sikiliza nyimbo tano za watu tofauti, zilizorekodiwa miaka tofauti. Zikichoma zote mahali pamoja, ni kaske. Ukichoma mmoja, ni wimbo.

Angalia pia faili limetoka wapi. Nyimbo nyingi mjini zinatoka kwa vijana wanaojaza kadi za memori: MP3 ya kilobiti 128, iliyotolewa kwenye MP3 nyingine. Kwenye faili la namna hiyo toazi halilii "tsaa", linalia kama mafuta yaliyorushiwa maji. Kaske ya dola kumi ilikuficha jambo hilo, ya mia nane inakuambia ukweli. Hakuna marekebisho yatakayoponya faili lililoharibika. Tafuta faili zuri. Nyimbo zilizosukumwa juu mpaka mawimbi yakakatwa vichwa ni hivyo hivyo, na gospeli yetu ya sasa imejaa ugonjwa huo. Wachanganyaji, nanyi mnisikie.

Na usipime kwa rekodi za zamani. Gitaa la mwanamuziki wetu Mwenda wa Bayeke, lililorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka wa 1952, ni tamu kwenye kaske yoyote, kwa sababu vyombo vya wakati ule havikukamata mengi ya kule juu. Likikufurahisha, bado hujapima kitu.

Nifanye nini kwanza, bila kutoa hata franka?

Shusha sauti. Najua hilo si jibu ulilolitaka.

Sababu ni hii. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka wa 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za kati. Kwa hiyo ukiwa na kaske yenye besi ya kiasi, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe: unapandisha ili ngoma ije. Ngoma inakuja, na kichuguu nacho kinapanda hadi kwenye maumivu. Nusu ya watu wanaoniletea kaske "inayochoma" kilio chao halisi ni kukosa besi. Nikiwaongezea desibeli 3 au 4 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya hezi 100, wao wenyewe wanashusha sauti, na shida ya juu inapungua kabla sijaigusa.

Pili, isogeze kaske kichwani. Ipeleke mbele kidogo, kisha nyuma, kisha chini. Milimita chache zinabadilisha pembe ambayo sauti inaingilia sikioni, na kule juu mabadiliko hayo ni makubwa.

Tatu, angalia kama inakaa sawa. Miwani, rasta nene na perike (wigi) vinaacha tundu kati ya mto na shavu. Kwenye kaske iliyofungwa, besi inatoroka kupitia hapo na juu linabaki peke yake. Mama mmoja alikuwa tayari kuuza kaske yake. Tulisogeza misuko miwili nyuma ya sikio, akaondoka nayo.

Nitakipataje hicho kichuguu?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Tafuta programu ya simu inayotoa mlio mmoja unaoweza kuupandisha taratibu. Shusha sauti kwanza, mpaka mlio wa hezi 1,000 uwe kama mtu anayepiga mluzi chumba cha pili. Usiruke hatua hii. Mlio mtupu unaumiza kuliko muziki. Anza hezi 2,000, panda polepole hadi 10,000.

Ukubwa wake hautabaki sawa. Karibu na 3,000 utavimba, usishtuke: ni mfereji wa sikio lako, wenye sentimita kama mbili na nusu, unaovuma hapo, na umekuwa ukivuma hivyo tangu uzaliwe. Unachotafuta ni mruko wa ghafla, mahali ambapo mlio uliokuwa unatembea unakurukia usoni, halafu hezi mia chache mbele unatulia. Andika namba. Rudi nyuma, pita tena. Fanya sikio la kulia peke yake, kisha la kushoto, usishangae yakitofautiana.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja aliniletea HD 800 ya mkono wa pili, iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa imeviringishwa ndani ya suruali mbili za jinzi. Alikuwa ameshakata sauti zote za juu kwa desibeli 8. Muziki ulikuwa umekufa, mwimbaji kama anaimba nyuma ya blanketi, na bado zile s zilikuwa zinalitoboa blanketi. Tukafuta yote. Tukatembeza mlio: 5,000, kimya, 5,500, akakunja uso, karibu na 6,000 akaivua kaske kichwani kama imemng'ata. Tukaweka filta moja tu, yaani mkato wa mahali pamoja, hezi 6,000, kutoa desibeli 5. Nikampigia rumba, seben (ile sehemu ya kucheza ya magitaa) ikaingia, matoazi yakaanza. Akasema, "Yaya," yaani kaka, "zima." Nikazima. "Washa." Nikawasha. Tulifanya hivyo kama mara kumi, yeye akiangalia sakafu. Kisha akaomba wimbo uanze upya, mwanzo hadi mwisho.

Ukishapata namba yako, isogeze filta hezi 300 juu, 300 chini, huku unasikiliza sauti ya mwanamke anayeimba maneno yenye s nyingi. Kiswahili kimejaa hizo, tumebarikiwa. Pale s inapoacha kuwa sindano lakini bado ni s, simama. Ikianza kuwa "th", umekata mno.

Q ni kitu gani?

Ni upana wa filta. Q ya 1 ni beleshi, Q ya 5 ni kijiko. Kichuguu chembamba kinataka kijiko: anza na 3 au 4. Ikwalaiza, yaani programu za kupandisha na kushusha sehemu za sauti, zile zenye vitelezi kumi hazikupi uhuru wa kuchagua upana wala mahali kamili. Tafuta aina ya parametriki, unayoandika mwenyewe hezi, desibeli na Q.

Nikate desibeli ngapi?

Anza na 3. Kupita 6 iwe nadra. Ukiongeza besi kwa desibeli 4, shusha sauti ya jumla ndani ya programu kwa 4 pia, la sivyo vilele vitakatwa na utakuwa umetengeneza ukali mpya kwa mikono yako.

Kisha ishi nayo siku mbili kabla ya kugusa tena. Mimi niliwahi kukata kwa hasira, usiku, nimechoka: sauti zote kutoka kilohezi 4 kwenda juu, desibeli 6 chini. Nikaona raha. Wiki nzima nikachanganya kwaya ya parokia kwa kaske ile, na kwa kuwa masikioni kwangu kila kitu kilikuwa kimepoa, nikawa naongeza ung'avu kwenye mchanganyo wenyewe bila kujua. Jumapili walipoupiga kwenye spika za kanisa, soprano walitoka kama misumeno. Kiongozi wa kwaya hakusema neno. Alikuja tu akasimama karibu na meza ya sauti, akaziba sikio moja kwa kidole, akaniangalia.

Nitumie programu gani?

Kwenye Windows, Equalizer APO, ni ya bure. Ukitaka sura rahisi zaidi ongezea Peace juu yake. Kwenye Android, Poweramp Equalizer. iPhone hairuhusu programu moja kutengeneza sauti ya nyingine, kwa hiyo tumia kichezaji chenye ikwalaiza yake, au kifaa cha nje kama Qudelix-5K, ambacho kinaweka marekebisho ndani yake chenyewe na utahama nacho kutoka simu hadi kompyuta.

Si kuna marekebisho yaliyokwisha kutengenezwa? Kwa nini nijisumbue na milio?

Yapo. Mradi wa AutoEq una mipangilio ya maelfu ya kaske, na programu ya Android iitwayo Wavelet inaichukua moja kwa moja. Mingi inalenga mkondo wa kampuni ya Harman, grafu ya kuigwa iliyotoka kwenye utafiti wa Sean Olive na wenzake: waliwapa wasikilizaji sauti mbalimbali wachague, na wengi wakapenda kaske inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Mimi mwenyewe naanza hapo.

Lakini grafu hizo zimepimwa kwenye sikio bandia. Chini ya kilohezi 5 au 6 sikio hilo na lako vinaelewana vizuri. Kupita 8, umbo la sikio lako, jinsi mto unavyokaa, hata taya lako, vinabadilisha kila kitu, na mpangilio uliotengenezwa tayari unaweza kujaza bonde ambalo kwako halipo na hivyo kukujengea kichuguu kipya. Chukua vya chini kutoka kwa mashine, vya juu maliza kwa sikio.

Sitaki programu. Naweza kuweka tishu au sponji ndani?

Unaweza, na si uchawi wa kienyeji. Mafundi wa studio walikuwa wakining'iniza karatasi ya tishu mbele ya spika ndogo ya Yamaha NS-10 kwa sababu hiyo hiyo. Kata duara ya tishu ya tabaka moja, iweke kati ya mto na spika, sikiliza. Tabaka la pili, sikiliza. Wenye HD 800 walikuwa wakibandika vipande vya sponji na kitambaa kizito kuzunguka spika, pembeni, si juu yake, ili kunyonya kinachorukaruka ndani ya kikombe, na kazi hiyo inaleta matunda.

Masharti yangu: tumia utepe wa karatasi wenye gundi unaotoka bila alama, usizibe matundu madogo ya mgongoni, yale yanapanga besi, na usitumie pamba ya kuchambuka, nyuzi zake zinaingia kwenye utando wa spika na utakuja kwangu unalia. Ubaya wa tishu ni kwamba inafunika juu lote, si mwinuko peke yake. Ni beleshi.

Je, nibadilishe mito?

Ikiwa imelala bapa, ndiyo, kabla ya jambo lingine lolote. Mto uliochoka unalisogeza sikio karibu na spika na kuachia besi. Ikiwa bado mizima, kubadilisha ni kamari: mto wa ngozi unafunga vizuri kuliko wa mahameli, lakini unarudisha mwangwi ambao mahameli ungeunyonya. Unene nao unahamisha kila kitu. Nimeona mto mmoja ukiponya kaske hii na kuiharibu ile. Usinunue bila kujaribu, au nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa.

Waya wa fedha unaongeza ukali? Wa shaba unapoza?

Nawaonea huruma wenzangu wa mji huu wanaotoa dola mia mbili kununua waya wa shaba. Hapa tumeyeyusha shaba tangu mwaka wa 1911! Waya wa mita tatu una ukinzani wa sehemu ndogo ya omu moja. Kaske kama HD 800 ina omu 300. Rangi ya chuma haibadilishi chochote utakachosikia. Badilisha waya ukikatika.

Na amplifaya ya taa, ile ya vioo vinavyowaka?

Hiyo inaweza kubadilisha kitu, ila si kwa sababu ya mwanga wake wa machungwa. Nyingi zina ukinzani mkubwa kwenye mlango wa kutokea sauti, na kaske za omu nyingi zilizo wazi hupata besi kidogo zaidi zikichomekwa hapo. Besi ikipanda, juu linaonekana limeshuka. Ikwalaiza inafanya hivyo hivyo bila kukutoza.

Wanasema niiache ilie saa mia mbili "iive".

Baada ya saa mia mbili, mito imelainika na ubongo wako umezoea. Vyote viwili ni kweli na vyote viwili vinasaidia. Spika yenyewe haitaondoa kichuguu cha desibeli 6 kwa kuchezeshwa usiku. Ikikuchoma leo, muda wa kuirudisha dukani usikupite huku unaisubiri iive.

Inaweza kuwa umeme wetu?

Hapana. Umeme mbaya au jenereta huleta mvumo wa hezi 50 na mikwaruzo. Mwimbaji akichoma tu anaposema s, achana na jenereta.

Zangu ni za kuingiza ndani ya sikio. Mambo ni yale yale?

Karibu, ila kuna jambo lake. Ukiziba mfereji wa sikio, haufanyi tena kama chupa iliyo wazi. Mvumo wake unahama na mara nyingi unatua kati ya kilohezi 7 na 9. Ukisukuma kifaa ndani zaidi, mvumo unapanda, pengine hadi mahali usipoumiza. Kwa hiyo jaribu ncha za ukubwa tofauti kwanza, kisha ncha za sponji, ambazo hupunguza makali kidogo na kuziba vizuri. Dola tano, shida imekwisha. Lakini sponji zinakula vumbi letu la mwezi wa nane haraka, ziangalie.

Labda ni masikio yangu?

Labda. Swali hili watu wanalificha hadi mwisho, kama wanavyofanya kwa daktari.

Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu. Kwenye desibeli 89 zinabaki saa 5 tu kwa wiki nzima, na ndani ya basi la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, watu wanapita hapo bila kujua. Sikio lililochoka linachomwa na vitu ambavyo asubuhi halikuvijali. Kwa hiyo jaribu tena asubuhi, baada ya kulala, kabla ya redio ya jirani.

Lakini ikiwa hata sahani jikoni zinakuumiza, au kuna mlio usioisha, au sikio moja limebadilika ghafla, weka kaske chini na uende kwa daktari wa ORL (masikio, pua na koo) wiki hii, sio mwezi ujao. Wakati mwingine ni nta tu. Usiichokonoe mwenyewe.

Nikikuletea, nije na nini?

Kaske pamoja na simu au kompyuta unayosikilizia kila siku, waya wake, na nyimbo tatu zinazokuudhi, kwenye faili zuri. Kama unavaa miwani, vaa. Njoo asubuhi, kabla fundi wa vyuma wa mlango wa pili hajawasha mashine yake.